Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Wazee wetu waliozaliwa juu ya mikeka, wakaolewa juu ya mikeka, na wakaombolezewa juu ya mikeka, walituachia fundisho moja lililotoka katika mikeka hiyo hiyo: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu, umechakaa pembe zote, lakini ni wako, nawe umeulalia miaka mingi. Msala ni mkeka wa kusalia, mzuri wa kutazamwa, lakini ni wa mpita njia. Akimaliza haja yake ataukunja aende nao, nawe utabaki kukaa mchangani. Leo twapenda kulitumia fundisho hilo kwa jambo lililo karibu sana na mikono ya kila mmoja wetu, nalo ni mfuko tunaouchukua kwenda sokoni.

Kwa muda wa miaka mingi sisi watu wa Afrika ya Mashariki tuliuacha mbacha wetu. Mama aliyezoea kwenda sokoni na kapu lake la ukili alilitundika ukutani, akawa aenda mikono mitupu, kwa kuwa alijua kila muuzaji atamtilia nyanya, vitunguu na samaki katika mfuko wa plastiki, tena bila ya malipo. Mfuko huo, ambao mitaani uliitwa rambo, ndio uliokuwa msala upitao. Ulitumika kwa nusu saa ukatupwa, na baada ya kutupwa haukuoza. Uliziba mifereji mijini, uliliwa na ng'ombe na mbuzi vijijini, na uliosalia ulichukuliwa na mvua hata baharini.

Mwishowe serikali zetu ziliamka. Zanzibar na Rwanda zilitangulia, Rwanda kwa sheria ya mwaka 2008. Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti, 2017, kwa adhabu kali iwezayo kufika faini ya shilingi milioni 4 za Kenya au kifungo cha miaka minne. Tanzania Bara nayo ikapiga marufuku mifuko hiyo kuanzia tarehe 1 Juni, 2019. Siku ile wengi wetu tulifurahi, tukasema: sasa kapu la bibi litarudi mjini.

Kapu la bibi halikurudi. Walioingia sokoni mahali pa rambo ni mifuko iliyopewa jina la mifuko mbadala. Ni milaini kama kitambaa, na wengi huiona kuwa ni kitambaa hasa. Lakini ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mifuko hiyo imetengenezwa kwa nyuzi za plastiki zilizoshindiliwa pamoja kwa moto wa mashine. Haikufumwa wala haikusukwa. Mgeni mmoja alitolewa kwa mlango wa mbele, na ndugu yake akaingia kwa mlango wa nyuma.

Yatupasa kujiuliza kwa nini. Je, ni kwa sababu mikono yetu imesahau kusuka? La hasha. Wasusi wangaliko Unguja na Pemba, wako Mafia na Bagamoyo, wako Iringa na Bukoba. Sababu iliyo kubwa ni kwamba sisi, pamoja na wafanyakazi tunaojua vizuri maana ya ujira, hatujakubali bado kuihesabu kazi ya msusi kuwa ni kazi. Twaisifu siku za sherehe, na siku ya kununua twaipunja. Hilo ndilo neno tunalotaka kulieleza katika makala haya.

SANAA YA TANGU KALE

Wako watu wanaodhani kuwa usukaji ni jambo dogo, kazi ya vizee wasio na shughuli nyingine. Watu hao yafaa wakumbushwe kuwa usukaji ni miongoni mwa mambo ya kwanza kabisa yaliyoandikwa juu ya pwani yetu. Karibu miaka 2,000 iliyopita, baharia au mfanya biashara mmoja ambaye jina lake halikuhifadhiwa aliandika kwa Kiyunani kitabu cha kuwaongoza wasafiri wa Bahari ya Hindi, kitabu kijulikanacho kwa jina la Periplus. Alipofika katika habari za pwani ya Afrika ya Mashariki alikitaja kisiwa kimoja ambacho watu wake walikuwa na mashua za kushonwa kwa kamba, nao walivua kwa vikapu vilivyosukwa, wakivitega penye milango ya maji. Mvuvi wa leo akisomewa maneno hayo atalitambua dema lake mara moja.

Chombo mashuhuri cha pwani hii, yaani mtepe, ambacho kilionekana hata mwanzoni mwa karne ya ishirini, hakikupigwa misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake halikuwa la nguo bali lilikuwa la mkeka. Hivyo basi upepo uliowapeleka mababu zetu katika biashara zao ulikamatwa na kazi ya mikono ya wasusi. Hakuna haya katika kazi ya namna hiyo.

Lugha yetu nayo yatoa ushahidi. Kiswahili hakikutosheka na neno moja la kapu. Pakacha husukwa upesi kwa kuti bichi la mnazi, likachukua nazi au maembe, kisha likatupwa lioze. Tenga ni la matundu makubwa, la samaki na kuku. Kanda ni refu, la kutilia nafaka. Jamanda lina kifuniko chake. Kifumbu ni cha kukamulia tui, kawa ni ya kufunikia chakula, na susu huning'inizwa ili paka asifikie. Vivyo hivyo kazi zenyewe: ukili husukwa, kamba husokotwa, kiondo hufumwa, na kapu la ukili hushonwa. Kila neno lina mahali pake, na kila mahali pana fundi wake. Lakini kitu kikifa, jina lake nalo huzikwa. Mtoto wa mjini leo ukimwambia akuletee kifumbu atakuuliza huyo ni mdudu gani.

UKIONA VYAELEA, VIMEUNDWA

Si haki kupatana bei ya kapu pasipo kujua lilivyopatikana. Msusi wa pwani huianza kazi yake porini, kwenye mikindu iotayo mabondeni na kandokando ya maji. Hakati kuti lolote aonalo. Hulitafuta lile changa la katikati ambalo halijafunguka, naye huangalia asiuumize moyo wa mti, maana shina la mkindu lililokatwa moyo halichipui tena. Makuti hayo huanikwa juani siku kadhaa, hata kijani chake kiondoke na ubaki weupe. Ndipo huchanwa kwa ukucha au kwa kisu kidogo, zikapatikana chane. Chane hizo ni lazima zilingane upana, ama sivyo ukili utakwenda upande na kapu litasimama kama mtu mwenye kiguu.

Zile zinazotakiwa rangi huchemshwa chunguni. Zamani rangi yote ilitoka mwituni na mashambani: mizizi ya mdaa kwa weusi, mngamo kwa manjano, na mbegu za mzingefuri kwa wekundu. Siku hizi walio wengi hununua rangi ya unga madukani, nayo yataka fedha taslimu kabla hata chane ya kwanza haijashikwa.

Baada ya hayo chane huloweshwa maji ili zisikatike, na kazi ya vidole huanza: moja juu, moja chini, moja juu, moja chini, pima baada ya pima. Msusi hodari husuka huku azungumza na jirani, lakini macho ya vidole vyake hayalali, kwa kuwa chane moja ikikosewa itabidi ukili ufumuliwe hata penye kosa. Ukili ukitosha, huzungushwa kuanzia kwenye kitako na kushonwa, mzunguko juu ya mzunguko, hata ufike mdomoni. Mwisho hutiwa mikono ya kamba iliyosokotwa, na kapu huwa tayari kubeba kilo kadhaa za viazi kwa miaka.

Bara nako kuna ufundi wake. Huko Iringa akina mama wa Kihehe hutumia milulu, ambayo ni nyasi ndefu za mabondeni. Wao hawashoni ukili, bali huanza na kitako na kufuma kapu zima hata mdomoni, wakipitisha nyuzi baina ya mabua kwa kukaza sana. Kapu la milulu lililofumwa na mkono uliozoea hulishika ukaona kwamba halina tundu la kupitisha hata punje ya ulezi.

Kazi hii yote haipimwi kwa dakika bali kwa siku. Wala si siku kamili, kwani msusi huyo huyo ndiye alimaye, achotaye maji, apikaye na aleaye watoto. Husuka jioni, husuka penye msiba, husuka akingoja chungu kichemke. Na kwa sababu saa zake zimetawanyika hivyo, wanunuzi wamejifanya hawazioni.

HESABU YA MSUSI

Natuzihesabu basi saa hizo. Tutatoa mfano tu ili kila mtu aweze kuufuata kwa kalamu yake na kuweka tarakimu za kijijini kwake.

Tuseme mama mmoja ameuza kapu kwa mchuuzi kwa shilingi 6,000. Katika hizo, tuseme shilingi 2,000 alizitoa mwenyewe kwa kununua ukindu na rangi. Zimebaki shilingi 4,000. Tuseme tena kwamba kuchana, kutia rangi, kusuka na kushona kulimchukua siku nne, na kila siku alipata saa tano za kukaa chini. Hizo ni saa 20. Gawanya shilingi 4,000 kwa saa 20, utaona ujira wake ni shilingi 200 kwa saa moja.

Twawauliza wafanyakazi wa bandarini, wa reli na wa viwandani: nani kati yenu angekubali kushika kazi kwa ujira huo? Mngeitisha mkutano siku hiyo hiyo, na mngekuwa na haki. Lakini Jumamosi, sisi hao hao tunapokwenda sokoni, twalishika kapu la mama huyo, twaligeuza chini juu, twasema, "Punguza, mama, hili ni la majani tu." Kwa neno hilo moja tumemwambia kwamba saa zake 20 hazikuwapo duniani.

Kapu hilo likisafiri hadi mjini, kisha likavuka bahari, likawekwa katika duka la kioo huko Ulaya au Marekani, bei yake hupanda mara nyingi. Hatusemi kwamba kila anayeongeza bei ni mwizi. Mwenye kusafirisha ana gharama, mwenye kutafuta soko ana taabu yake, na mwenye duka hulipa kodi. Tusemalo ni kwamba msusi, ambaye pasipo yeye hapana kapu, asiwe ndiye peke yake ambaye bei yake haipandi. Kazi iliyo na njaa hairithiwi. Binti akimwona mama yake amepinda mgongo juu ya ukili miaka 30, na nyumba ingali ya udongo na paa lingali lavuja, hatajifunza kusuka hata ukimhubiria utamaduni mchana kutwa. Wala hatuwezi kumlaumu.

FUNDISHO LA MKONGE

Nchi yetu ilikwisha pata fundisho kubwa katika habari ya nyuzi, na ni vyema kulikumbuka. Mwaka 1893 bingwa wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida huko Marekani. Iliyofika pwani ya Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache yalizaliwa mashamba yaliyofunika nchi kutoka Tanga hata Morogoro na kwingineko. Watu waliletwa kutoka mbali kuja kukata majani yenye miiba, nao wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Mwaka 1964 Tanzania ilitoa takriban tani 230,000 za mkonge, ikawa mbele ya nchi zote duniani.

Je, tani hizo zilikwenda wapi? Zilikwenda ng'ambo zikiwa nyuzi ghafi, zikageuzwa kamba katika viwanda vya watu wengine. Kisha wataalamu wa nchi hizo wakagundua namna ya kutengeneza kamba za plastiki zilizo rahisi zaidi. Bei ya mkonge ikaanguka. Mashamba mengi yalifanywa mali ya umma mwaka 1967, lakini soko lilikuwa limekwisha anza kuondoka, na uendeshaji wetu wenyewe nao ulikuwa na kasoro zake. Kufika miaka ya mwisho ya 1990 tani zilizotolewa kwa mwaka hazikufika 30,000. Aliyepanda nyuzi akauza nyuzi tupu alibaki na mashamba yaliyoota magugu.

Tazameni sasa nyuzi hizo hizo zilipokuwa katika mikono ya watu wengine. Nchini Kenya wanawake wa Kikamba na wa Kikikuyu walikuwa na kiondo chao kabla mkonge haujawafikia. Walikifuma kwa nyuzi za magome, Wakamba hasa kwa gome la mbuyu, wakizisokota juu ya paja hata ziwe imara kama uzi wa mshipi. Kiondo kilibeba mavuno ya shamba, na mama alimpa bintiye kiondo alipokwenda kwa mumewe. Mkonge ulipokuja hawakuuogopa. Waliuchukua, wakautia rangi, wakauingiza katika sanaa yao. Katika miaka ya 1970 na 1980 kiondo kilivuka bahari, kikaonekana begani mwa mabinti wa miji mikubwa ya Ulaya na Marekani. Wakia chache za mkonge zilizofumwa kwa mkono ziliuzwa kwa thamani ambayo mkata mkonge hakupata kuiota.

Lakini hadithi hiyo nayo ina nusu ya pili. Viwanda vya Asia vilipoona biashara imeshamiri, vilitoa mifuko iliyofanana na kiondo, iliyofumwa kwa mashine na kwa bei ya chini. Wafumaji wa vijijini, ambao kila mmoja aliuza peke yake kwa mchuuzi wake, hawakuwa na alama ya pamoja ya kumwonyesha mnunuzi kipi ni kiondo chenyewe na kipi ni kivuli chake. Mashine haikuwashinda kwa ubora. Iliwashinda kwa sababu iliwakuta wametawanyika.

Yako pia mambo ya kutia moyo. Jirani zetu wa Rwanda wana kapu lao liitwalo agaseke, lenye kifuniko kilichochongoka, nao wameliheshimu hata wakaliweka katika nembo ya taifa lao. Baada ya mauaji ya halaiki ya mwaka 1994, wanawake waliofiwa na waume zao na wanawake ambao waume zao walikuwa gerezani kwa makosa ya mauaji hayo walikaa katika vikundi vimoja, wakafuma pamoja. Hatudhani kuna maneno ya kutosha kueleza uzito wa kukaa huko. Mwaka 2005 makapu yao yalianza kuuzwa katika maduka ya Macy's huko Marekani. Walifaulu kwa kuwa walikusanyika, walipatana kipimo kimoja cha ubora, na walitafuta mnunuzi kwa jina lao badala ya kumngoja mchuuzi mlangoni.

WANAOSEMA IFE

Twajua kuna watakaosema: dunia yakimbia, nanyi mwatuambia turudi kwenye ukindu? Acheni sanaa hizi zife kama zilivyokufa nyingine.

Tuwajibu kwa haki. Si kila kitu cha zamani kitarudi, wala si lazima kirudi. Jamvi la kuanikia mpunga limeshindana na turubai, na mara nyingi turubai limeshinda. Samaki abichi hataki kapu zuri la rangi. Na mfanyakazi mwenye mshahara mdogo, aliyebakiwa na shilingi elfu chache mwisho wa mwezi, hawezi kulaumiwa akinunua mfuko wa bei ya chini. Hatusemi mashine ni adui. Mashine iliyo yetu ni mtumishi mwema.

Lakini hata huyo mwenye shilingi chache na ahesabu vizuri. Tuseme mfuko mbadala ni shilingi 500, nao hukatika mkono baada ya mwezi. Kwa mwaka atanunua mifuko 12, yaani shilingi 6,000, na kwa miaka mitatu shilingi 18,000. Kapu la ukili lililoshonwa vizuri, likinunuliwa kwa shilingi 10,000 na kutunzwa lisilowe, laweza kumaliza miaka hiyo mitatu. Nani basi aliyenunua rahisi? Tena kapu likichakaa hurudi shambani likawa samadi, na mfuko ule hukaa katika mfereji mpaka wajukuu zetu waukute.

Zaidi ya hayo, fedha ya kapu haiendi mbali. Hulipa daftari la mtoto kijijini, hununua mafuta ya taa au sabuni katika duka la jirani, na humpa mwanamke shilingi iliyo yake mwenyewe, ambayo hakuiomba kwa mtu. Hilo si jambo dogo katika nyumba nyingi.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwanza, mnunuzi na abadili ulimi wake. Kupatana bei ni desturi ya soko, wala hatuikatazi. Lakini kabla hujasema "punguza", uliza kwanza: "Mama, limekuchukua siku ngapi?" Swali hilo peke yake latosha kulainisha mkono wa mtu mwenye haki.

Pili, maofisi, vyama na mashirika yazitazame meza za mikutano yao. Hakuna semina wala mkutano mkuu siku hizi ambao wajumbe wake hawagawiwi mikoba ya kutilia makaratasi, na aghalabu mikoba hiyo ni ya plastiki iliyotoka ng'ambo, imepigwa chapa kubwa ya maneno ya kizalendo. Twajisema wenyewe kwanza, kwani nasi tumeitundika mabegani mikoba hiyo. Wajumbe 500 wakipewa mikoba 500 ya ukili, ya milulu au ya mkonge, iliyoagizwa miezi mitatu kabla na kulipwa sehemu ya fedha mbele, kijiji kizima cha wasusi kitakuwa kimepata kazi ya uhakika. Agizo moja la namna hiyo lina faida kuliko hotuba kumi za kusifu utamaduni.

Tatu, wasusi wenyewe waungane. Katika mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao, na mwaka 1933 kikazaliwa chama cha ushirika cha KNCU, kwa sababu walikwisha ona kwamba mkulima mmoja na gunia lake hana sauti mbele ya mnunuzi. Msusi mmoja na kapu lake ni vivyo hivyo. Wakiwa katika ushirika watanunua ukindu na rangi kwa jumla, watapanga bei ambayo hakuna atakayeuza chini yake, watalikataa kapu lililoshonwa ovyo kabla mnunuzi hajalikataa, na wataweza kusajili alama ya pamoja, jambo ambalo sheria za nchi nyingi huliruhusu, ili mwenye kuiga ajulikane kuwa ameiga. Shirika la SIDO liliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya kuvikuza viwanda vidogo. Wasusi wasione haya kugonga milango ya namna hiyo, na wenye milango wasiwaambie warudi kesho.

Nne, mali ghafi ilindwe. Mabonde yenye mikindu na milulu yanageuzwa mashamba mwaka baada ya mwaka, na wakataji wengine hukata bila ya kuangalia moyo wa mti. Msusi pasipo ukindu ni kama mvuvi pasipo bahari. Kila kikundi na kiwe na bonde lake la kupanda na kutunza, na vijana wafundishwe kukata kwa adabu kabla ya kufundishwa kusuka.

Tano, shule zifungue milango. Mwaka 1967 taifa letu lilitangaza Elimu ya Kujitegemea, na ndani yake mkono ulipewa heshima pamoja na kichwa. Bibi wa kijijini ajuaye mizani ya chane, na namna ya kufumba kitako cha kapu, ni mwalimu ingawa hakupata cheti. Na aitwe darasani mara moja kwa juma, alipwe kama fundi, na watoto wa kike na wa kiume wakae mbele yake. Tukimngoja hata aondoke duniani, tutakwenda kusoma maarifa yake katika nyumba za makumbusho za watu wengine, na tutalipa kiingilio.

Ndugu wasomaji, msala ule mzuri ulipita, kama wahenga walivyotuonya. Ulituachia mifereji iliyoziba na mikono iliyozoea kupewa bure. Sasa msala wa pili umetandikwa mbele yetu, nao ni laini zaidi na rangi zake ni nyingi zaidi. Mbacha wetu ungalipo, umetundikwa ukutani penye vumbi, na mwenye kuushona angali hai, amekaa barazani na chane zake mapajani, akingoja kuona kama kazi yake itahesabiwa kuwa kazi.

Jumamosi ijayo utakapotoka kwenda sokoni, mtafute. Likague kapu lake kwa makini, maana fundi hapendi mnunuzi asiyejua kazi. Ukiliona zuri, mlipe saa zake.